Ukubwa wa Mbwa na Deni la Mfugaji

Si desturi ya kurasa hizi kuzungumzia mbwa. Wasomaji wetu wamezoea kukuta humu mijadala ya ngeli, ya mizani ya ushairi na ya mitihani, na yamkini wako watakaouliza tangu mstari huu wa kwanza kama mhariri amepungukiwa na makala. Tunawaomba watuvumilie. Kwa muda wa miaka mitano tuliishi hapa Kampala, katika nyumba ndogo ya mwalimu, pamoja na mbwa mwenye uzito wa kilo 72, na katika miaka hiyo tulijikuta tukiulizwa, na tukijiuliza wenyewe, swali ambalo hatukuwa tumekutana nalo chuoni: je, ni haki kumpenda kiumbe kwa sababu ileile inayomwua?

Tuanze na lugha, maana ndiyo kazi yetu. Kiswahili hakina jina la heshima la mbwa mkubwa. Tukimkuza mtu twasema jitu, na ndani ya neno hilo mna hofu. Tukimkuza mbwa twasema jibwa, na ndani yake mna matusi. Tukimdunisha tukasema kijibwa, matusi hayapungui. Sarufi yetu imempa mbwa kimo cha wastani, na kila atokaye nje ya kimo hicho hutukanwa. Lakini lugha hiyohiyo imetupa vitenzi viwili vyenye hekima, kufuga na kulea. Hufugwa ng'ombe, kuku, nyuki, na hata ndevu. Hulelewa mtoto, na yatima, na mwana wa ndugu. Afugaye hutazamia kitu, kiwe maziwa, asali au ulinzi. Aleaye aghalabu hutoa zaidi ya apatavyo. Sisi tulimpokea mbwa yule kwa nia ya kumfuga, na jinsi tulivyotoka katika kitenzi cha kwanza tukaingia katika cha pili ndiyo habari tunayotaka kuisimulia.

Alikuwa wa jamii ambayo Wajerumani huiita Deutsche Dogge na Waingereza huiita Great Dane, yaani Mdenmarki Mkubwa, ingawa asili yake si Denmark hata kidogo. Mwenyewe alikuwa mhandisi mgeni aliyemaliza mkataba wake mwaka 2017, akashindwa gharama za kumsafirisha kwa ndege mnyama wa kimo kile. Alitujia jioni moja akatuambia kwamba mbwa ana umri wa miaka miwili, jina lake Bruno, na kwamba hajapata kumwuma mtu. Watoto wa mtaa hawakulijali jina hilo. Walimwita Ndama, na kwa kweli siku tulipomwona kwanza, amesimama kando ya mbuzi wa jirani, mbuzi ndiye aliyeonekana mtoto.

Tulimkubali kwa ajili ya wezi, ambao walikuwa wametutembelea mara mbili mwaka ule. Hiyo ndiyo sababu tuliyoitaja mbele za watu. Sababu ya pili tuliikiri baadaye, nayo ni fahari. Mwalimu siku hizi hapishwi njiani. Lakini mwalimu apitaye na mbwa anayemfikia kiunoni hupishwa na waendesha bodaboda, hupishwa na matajiri, na hata mwenye duka anayemdai husubiri hadi kesho. Tulionja heshima hiyo ya kuazima, na ilikuwa tamu.

Kisha tukaanza kujifunza maana ya ukubwa. Mbwa wa kawaida hula makombo, akalala popote, na siku ikapita. Huyu alihitaji posho ya kilo moja ya unga kila siku, pamoja na mukene, ndio dagaa wa Ziwa Victoria, na utumbo wa ng'ombe kila ulipopatikana. Dawa ya minyoo ambayo hupimwa kidonge kimoja kwa kila kilo 10 ilitutoka vidonge saba na zaidi. Hakuweza kulala sakafuni, kwa kuwa uzito wake mwenyewe ulimchubua viwiko mpaka ngozi ikawa kama ya kisigino cha mkulima. Hatimaye tukampa godoro la mtoto wetu mkubwa alipokwenda shule ya bweni. Wakati wa joto alihema kama mviringo wa mhunzi. Na alikuwa na desturi moja, ambayo tuliambiwa kwamba ndiyo desturi ya jamii yake yote: akimpenda mtu humwendea, akageuka ubavu, akamwegemea kwa uzito wake wote. Mgeni asiyejua huanguka. Ajuaye hutanua miguu na kuegemewa.

Kuna wema mwingine uliotushinda akili. Tulimwona akiinama sana kuifikia sahani yake, nasi kwa huruma tukaiweka juu ya kigoda. Baadaye tukasoma kwamba utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, uliona kwamba mbwa wakubwa walioinuliwa sahani walipatwa zaidi na ugonjwa wa tumbo kujaa hewa na kujipinda, ambao ndio mwuaji mkuu wa jamii hii. Tukakiondoa kigoda. Kuanzia hapo tulianza kuiogopa huruma isiyojua kitu, na kumgawia chakula chake mara tatu kwa siku, kidogokidogo, bila kumkimbiza baada ya kula.

Mwenzetu mmoja katika chumba cha walimu alituuliza mbele ya wote: "Mbwa huyo anakula sehemu ya watoto wangapi?" Swali lake ni zito, na hatukulijibu kwa mzaha. Tulimwambia kwamba posho ile ni ya kweli na njaa ya watoto ni ya kweli, na kwamba hatuna hakika kama kuiondoa ya kwanza kungeipunguza ya pili hata punje moja. Hatukuridhika na jibu letu, na hadi leo hatujaridhika. Lakini tuligundua kwamba swali lile huulizwa kwa mbwa tu. Haliulizwi kwa mchango wa harusi wala kwa gari la mkuu wa idara. Tunaliacha hapo.

Jirani yetu wa upande wa kusini ni mzee Mwislamu, Haji, mfuasi wa Imamu Shafii, ambaye kwake mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Tulitarajia ugomvi. Alikuja mwenyewe, akasimama nje ya lango, akasema: "Mwalimu, mbwa wako simtaki mlangoni pangu, lakini njaa yake pia siitaki." Akatukumbusha mbwa wa wale Watu wa Pangoni, aliyelala kizingitini akiwalinda, na yule mtu aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Kila Idi ya kuchinja tangu hapo alitutumia utumbo katika ndoo, ndoo ile ikibaki kwetu moja kwa moja. Tumefundisha kwa miaka mingi kwamba heshima na mpaka vyaweza kukaa pamoja, lakini hatujapata kuona mfano ulio wazi zaidi.

Mwaka 2019 akatokea mtu mwenye mbwa jike wa jamii ileile, akatuomba mbegu. Tulikubali. Tunaandika neno hilo peke yake kwa sababu makala haya yangekuwa ya uongo kama tungelificha. Walizaliwa watoto wanane, nasi tukapewa thamani ya wawili, ikatosha kulipa karo ya binti yetu ya muhula mmoja na kusaza. Siku ya kuuza tulikuwapo. Wanunuzi walichagua kwa kupima nyayo: mwenye nyayo nene ndiye aliyegombewa, maana ndiye atakayekuwa mkubwa kuliko wote. Mwenye jike alijisifu kwamba anawapa maziwa bila kipimo na unga wa chokaa ya mifupa ili wakue haraka. Sisi tulitikisa kichwa kwa kusifu.

Mwaka uliofuata Bruno akaanza kuuonea mguu mmoja wa nyuma huruma, na daktari wa mifugo alipomsikiliza kifua akanyamaza kwa muda mrefu kuliko tulivyopenda. Ndipo tukaanza kusoma tulichopaswa kusoma kabla.

Mbwa hawa walikuwa wasaidizi wa wakuu wa Ujerumani katika kuwinda nguruwe mwitu, na kwa kazi hiyo walihitaji nguvu na kasi pia. Uwindaji ule ulipofifia, mbwa alibaki, na kilichobaki cha kumsifia kilikuwa umbo lake. Mwaka 1878 wafugaji walikutana Berlin wakakubaliana juu ya jina moja la Kijerumani, na mwaka 1888 wakaunda chama chao. Hizo ndizo siku ambazo taifa lao jipya lilitaka kila kitu chake kiwe kikubwa. Kansela Bismarck mwenyewe aliwafuga, na mmoja wao, Tyras, alijulikana na watu kama waziri. Msomaji atakumbuka kwamba Bismarck huyohuyo ndiye aliyekuwa mwenyeji wa mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885, ambao matokeo yake bado tunayasoma katika ramani zetu. Mbwa hawana hatia katika jambo lile. Twalitaja kwa sababu tamaa ya ukubwa kwa ajili ya ukubwa haikuishia kwa wanyama.

Leo kipimo cha kimataifa kinataka dume asipungue sentimita 80 begani. Mtoto huzaliwa na uzito wa karibu nusu kilo, na katika muda wa mwaka mmoja na nusu huwa ameuzidisha mara mia na zaidi, ambapo mwanadamu huzidisha uzito wake mara 20 tu kwa muda wa miaka kumi na minane. Mifupa, moyo na tumbo hulazimika kuifuata mbio hiyo. Katika maumbile kwa jumla mnyama mkubwa huishi kuliko mdogo. Tembo humzika panya vizazi na vizazi. Kwa mbwa mambo yamepinduka. Mwaka 2013 Cornelia Kraus na wenzake walichapisha uchunguzi wa jamii 74 za mbwa, wakaona kwamba kila kilo mbili za uzito zinazoongezeka huondoa takriban mwezi mmoja wa maisha, na kwamba sababu kubwa ni kuwa mbwa wakubwa huzeeka upesi. Mbwa mdogo wa barabarani, akiponea magari na kichaa, aweza kufika miaka kumi na mitano. Wa jamii ya Bruno akifika tisa huhesabiwa kuwa mzee.

Kisha tulisoma jambo lililotuumiza kuliko yote. Mwaka 1974 wataalamu waliwalisha watoto wa jamii hii kwa namna mbili: kundi moja likala kadiri lilivyotaka, na kundi la pili likapewa theluthi mbili tu ya kiasi hicho. Waliokula hadi kushiba ndio waliopatwa zaidi na ulemavu wa mifupa. Tukakumbuka maziwa yasiyo na kipimo, na unga wa chokaa, na kichwa chetu kikitikisika kwa kusifu.

Mwanetu wa kidato cha tano, ambaye hupenda ubishi kama wote wa umri wake, alitutetea dhidi yetu wenyewe. Alisema: "Baba, bila wafugaji wale Bruno asingekuwapo. Mnamwonea huruma kwa kuzaliwa?" Hoja hiyo ina meno, na wanafalsafa wakubwa wamehangaika nayo. Tuliitafakari siku nyingi, tukafikia hapa: asiyekuwapo hadai chochote, wala hakuna aliyedhulumiwa kwa kutozaliwa, lakini akishakuwapo anadai, na anamdai kwanza yule aliyemleta. Nani kati yetu hakupata kuambiwa na mzazi mwenye hasira kwamba bila yeye asingekuwa duniani? Maneno hayo ni ya kweli. Hata hivyo hayamvishi mtoto nguo wala hayamponyi homa. Kumpa mtu uhai hakumfuti mtoaji madeni. Ndipo madeni yanapoanza.

Wengine husema: basi wapunguzwe kimo, wachaguliwe wadogo wenye mioyo mizima. Sisi pia tunaona hivyo, na Mkataba wa Ulaya wa Kulinda Wanyama wa Nyumbani, uliofunguliwa Strasbourg mwaka 1987, unamwagiza kila achaguaye wazazi wa kuzalisha azingatie maumbile yasihatarishe afya ya mama wala watoto. Lakini tusijidanganye. Mpunguze kimo kwa kiasi cha kumponya, na wanaogombea nyayo nene watakwenda kununua kwingine. Watalia kwamba jamii tukufu inapotea. Hapa twauliza: inapotea kwa nani? Hakuna mbwa ajuaye kwamba yeye ni wa jamii fulani. Jamii ni jambo la wafugaji na daftari zao. Mbwa ana tumbo lake, mguu wake, na moyo wake mmoja unaochoka.

Immanuel Kant, Mjerumani naye, alifundisha kwamba wajibu wetu kwa wanyama ni wajibu kwa wanadamu kwa njia ya kuzunguka: amtesaye mbwa huuzoeza moyo wake ukatili, na kesho atamgeukia jirani. Wazee wetu wangemkubalia nusu. Kwa mujibu wa mafunzo ya kwetu utu ni sifa ya mtendaji, hivyo hatuna haja ya kuchunguza kwanza kama mbwa ana akili au roho ndipo tumtendee kwa utu. Hapo Kant na wazee wako pamoja. Lakini usiku mmoja tulijua kwamba nusu iliyobaki imemponyoka.

Ulikuwa usiku wa mwezi wa Juni mwaka 2022. Tulikuwa tumekaa shuleni tukisahihisha, nyumbani hapakuwa na mtu, tukarudi saa tatu. Bruno alikuwa hajala tangu asubuhi. Alitutazama tu, hakulia. Kwa huruma, huruma ileile ya kigoda, tukamwekea chakula cha siku nzima kwa mara moja. Saa sita tukasikia akizunguka ua. Alikuwa akijaribu kutapika pasipo kutoka kitu, na tumbo lake ukiligonga lilijibu kama ngoma. Tulijua ni nini. Hewa hujaa, tumbo hujipinda, njia ya kuingilia na ya kutokea hufungwa pamoja, damu ikakatika, na mnyama hufa kwa muda wa saa chache asipopasuliwa. Daktari alifika saa saba na nusu. Alijaribu mpira, ukakwama. Alisema kumpasua kungewezekana kwa mbwa mwenye moyo mzima. Kwa moyo ule, angekufa mezani, njiani akiteseka. Akatuuliza tunaamuaje.

Kwa wakati ule hapakuwa na mwanadamu yeyote ambaye wajibu wetu ulikuwa ukimzungukia. Palikuwa na yeye. Mbwa mdogo wa jirani angekula mlo wa kupita kiasi, akakoroma hadi asubuhi. Huyu kosa moja la jioni moja lilimtosha, kwa sababu watu wasiomjua walikuwa wamempa kifua kirefu kuliko tumbo lake lilivyoweza kutulia ndani yake. Kosa lilikuwa letu, na hatari ilikuwa yao, nayo maumivu yakawa yake yeye asiyechagua lolote kati ya hayo. Tulisema sindano itolewe. Alikuja, akageuka ubavu, akatuegemea. Tulitanua miguu. Daktari alimchoma akiwa amesimama hivyo, na ilitubidi sote watatu kumshusha chini.

Kaburi la mnyama yule si kazi ya mtu mmoja. Kabla ya alfajiri tuliona mwanga wa taa langoni; Haji alikuwa amemtuma mjukuu wake na jembe. Yeye mwenyewe alibaki upande wake wa ua, akisubiri adhana, akituuliza mara kwa mara kama shimo limefika kina.

Mwaka uliofuata tulipigiwa simu na mtu wa Mukono tusiyemkumbuka. Alikuwa mmoja wa wale wanunuzi wa mwaka 2019, aliyechukua mwenye nyayo nene kuliko wote. Akasema: "Mwalimu, samahani, huyu wangu ameanza kuukwepa mguu wa nyuma. Nimesikia wewe ulikuwa na baba yake." Jumamosi tulilifunga godoro kwa kamba, tukapanda teksi, tukalipia viti viwili. Mbwa alikuwa amelala kivulini juu ya saruji, viwiko vimechubuka. Aliinuka kwa taabu, akatujia, akageuka ubavu.

Tulimwuliza mwenyewe humlisha mara ngapi kwa siku. Alisema mara moja, jioni, lakini kwa wingi. Tukaomba kigoda, tukakaa, tukaanza kumweleza.